Maji ya Kukinga

Nyumbani kwetu Hounslow, London, Kigujarati kilikuwa marufuku. Aliyekipiga marufuku ni mama. Tulikuwa Mabanyani kamili, udi ukifuka kila asubuhi mbele ya picha ya mungu wetu juu ya friji, lakini ole wako uombe chumvi kwa Kigujarati. Mama atakukata jicho mpaka uiombe tena kwa Kiswahili. Wahindi wenzetu wa mtaani, waliotoka Kenya na Uganda, walitushangaa. Wahindi gani hawa, wanasemezana wao kwa wao kama wako sokoni Darajani kule Unguja? Wengine walisema tunajidai.

Hatukuwa tunajidai. Kigujarati chetu kilikuwa kinatutaja. Ukifungua mdomo tu, mwenye masikio yake anajua babu zako walikaa upande gani wa kijiji, na upande wetu ulikuwa ule ambao maji machafu ya kijiji kizima yalielekea. Kiswahili hakina habari na mambo hayo. Kwa Kiswahili sisi tulikuwa Mabanyani tu, sawa na wenye maduka, na mama alijificha humo miaka na miaka.

Sisi ni watu wa tabaka la chini kabisa, wale waliokuwa wakiitwa wasioguswa. Jina lenyewe la watu wetu silitaji hapa. Nimelisikia mno likitumika kama tusi, na sitaki kumpa mtu silaha bure.

Bibi yangu mzaa mama ndiye aliyenihadithia tulikotoka. Kazi ya wazee wetu huko Gujarati ilikuwa kuburuta mizoga, kufagia njia na kuondosha vinyesi vya watu wengine. Hekaluni hawaingii. Kivuli chao kikimwangukia mtu wa juu, huyo anakwenda kuoga. Zamani zaidi, alisema, walitembea na ufagio umefungwa kiunoni nyuma, ufute nyayo zao wenyewe, na kijungu kimening'inia shingoni cha kutemea mate, yasidondoke kwenye ardhi wanayokanyaga wenzao. Mimi nilidhani bibi anatia chumvi. Nilipokuwa mtu mzima nikaja kuyasoma vitabuni, vile vile alivyosema, nikafunga kitabu nikatoka nje kupunga upepo.

Habari ya maji ndiyo aliyokuwa akiirudia. Kisima hawakigusi. Mtu wetu akiwa na kiu anakaa mbali na kisima, anangoja, mpaka apite mwanamke wa tabaka la juu mwenye huruma. Hapo anachutama chini, anajitanda kichwa, anaunganisha viganja viwili chini ya mdomo na kukinga, na yule mwanamke anamimina kutoka juu, juu kabisa, chombo kisikaribie mkono. Macho hayanyanyuliwi. Akiacha kumimina, umeshashiba, hata kama hujashiba. Watoto wa kwetu walifundishwa kukinga wakiwa wadogo sana, wakarudishwa na kurudishwa mpaka mikono ikajua kazi yake bila ya kuambiwa.

Babu alikwenda Unguja kwa sababu serikali ya Kiingereza ilikuwa inatafuta watu wa kusafisha mji, na aliambiwa kwamba kisiwani mambo ya matabaka hayapo. Masikini babu yangu. Wenye matabaka yao walikuwa wameshafika zamani, wamejenga. Basi akawa anasafisha vyoo vya nyumba kubwa za Mjini, anaingilia uchochoroni, mlango wa uani. Mama, akiwa mtoto, alifuatana naye akimbebea ufagio. Katika nyumba moja ya mfanyabiashara wa karafuu, kazi ikimalizika, mpishi alitoka na kopo la maji, na babu na mama wakachutama pale kizingitini wakakinga. Kulikuwa na msichana wa nyumba ile, rika moja na mama, mwenye baka jeusi shavuni. Alikuwa akikaa kwenye ngazi, anawatazama wanavyokunywa.

Ng'ambo tulikoishi, upande wa pili wa mji, majirani zetu Waswahili walitupa maji kwa kikombe kile kile walichonywea wao. Nayo haki isemwe yote, wapo walioziba pua babu akipita. Lakini kikombe walitupa.

Mapinduzi yalipotokea mimi nilikuwa mdogo. Nyumba kubwa zilihamwa, ile ya karafuu mojawapo, na sisi pia hatukuchelewa kuondoka, kwa sababu walioshika silaha hawakuwa na haja ya kujua Banyani huyu ni wa juu au wa chini. Tukaenda Dar es Salaam, baba akafia huko kwa maradhi. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa ameshatangulia London, naye ndiye aliyetuvuta. Kabla hatujapanda ndege alitubadilisha jina la ukoo, akachagua jina la mafundi wa kushona. Tangu siku ile babu yangu, aliyekufa na ufagio mkononi, akawa fundi charahani.

Mama alipata kazi uwanja wa ndege, kusafisha vyoo. Alikasirika? Alicheka. Alisema bahari yote ile tumeivuka, na choo kimefika kabla yetu. Mimi nikaandikwa hapo hapo, upande wa kukunja mablanketi ya ndege, na chakula cha mchana tulikula pamoja katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi.

Sasa sikilizeni jambo lililonichekesha mwanzo na kuniudhi baadaye. Wanawake waliosafisha vyoo vile, karibu wote, walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki, tena wa matabaka ya heshima. Wake wa wenye maduka, mabinti wa matajiri, waliokuwa na watumishi wao huko Kampala na Mombasa. Mambo yalipogeuka wakajikuta London, glavu za mpira mkononi, brashi ndefu, dawa ya kuua wadudu. Kwa jamaa zao walisema wanafanya kazi uwanjani, wakaishia hapo. Na mama yangu kati yao, anasugua kwa utulivu, maana kwake hakikubadilika kitu isipokuwa baridi.

Siku moja akaletwa mfanyakazi mpya kutoka mtaa wa Kilburn, shifti ya asubuhi. Alikuwa na baka jeusi shavuni.

Mama alimjua pale pale. Yeye hakumjua mama, na angemjuaje? Uso wa mtoto wa mfagiaji nani anauangalia. Lakini aliposikia Kiswahili cha mama, cha Unguja tupu, aliangusha ndoo akamshika mabega.

"Wa wapi wewe, shoga?"

"Wa Unguja."

"Unguja wapi?"

"Ng'ambo."

"Baba yako akifanya kazi gani?"

"Fundi charahani," mama akasema.

Ndio ukawa urafiki. Walisugua pamoja, wakala pamoja. Yule bibi alileta achari ya maembe na mama akaleta chapati, wakabadilishana, wakasengenya supavaiza kwa Kiswahili mbele ya uso wake. Yule bibi alikuwa mcheshi, mkono wazi, na mimi mwenyewe nilimpenda, siwezi kukataa. Mama akaanza kuimba akivaa viatu asubuhi. Mama alikuwa hajapata kuwa na rafiki maisha yake yote, kwa sababu rafiki huuliza maswali. Sasa anaye, aliyemkubali mezani kwake, na ni binti wa nyumba ile ile. Akigundulika, atampoteza. Hilo nililijua mimi na alilijua yeye, na usiku na mchana lilikuwa limemkaa rohoni.

"Mwambie ukweli," nilimshauri. "Hapa London, nani anajali?"

"Wanajali," alinijibu. "Wasiojali ni Wazungu, na Wazungu hawajanikaribisha mezani kwao."

Akawa mwangalifu kwelikweli. Aliulinda ulimi, akalilinda jina, akatunga kijiji cha uongo cha wazee wake na kukariri njia zake zote. Kitu kimoja tu kilimpita, nacho ni mikono yake.

Wakati wa joto wanawake wa shifti ile walikodi basi kwenda kushinda pwani. Nilikwenda nao. Tulitandika mikeka juu ya kokoto, maana ufukwe wenyewe hauna mchanga, sijui Waingereza wanafurahia nini, tukafungua masufuria. Jua lilikuwa kali siku ile. Yule bibi alibeba jagi kubwa la chuma limejaa maji, lakini mfuko wa gilasi ukasahauliwa ndani ya basi, na dereva ameshalifunga kaenda zake.

"Basi tutakunywa kizamani," akasema yule bibi, akasimama na jagi lake. Mmoja mmoja wanawake wakamjongelea, wakainamisha vichwa nyuma, wakafunua midomo, naye akawamiminia kutoka juu, maji yakawamwagikia shingoni, wakawa wanacheka na kusukumana kama wasichana.

Mama alikuwa amekwenda kutafuta choo, akarudi anahema, jua limempiga, kiu imemshika. Yule bibi akamwona, akanyanyua jagi, na kwa vile wanawake wale walikuwa wameshinda wakizungumza lugha yao, akamwita kwa Kigujarati: njoo unywe, dada.

Mama akaja. Akachutama. Akavuta upindo wa sari akajitanda kichwa, akaunganisha viganja chini ya mdomo, akainamisha macho, akangoja.

Nilimwona, lakini nilichelewa. Jagi lilikuwa limeshainama. Maji yakaanguka, mama akayakinga bila ya kumwaga hata tone, akayanywa yote, na wakati huo hakuna aliyecheka. Kila mwanamke pale aliijua sura ile. Kila mmoja kwao ilikuwepo, mlango wa uani.

Yule bibi alimimina mpaka mama akatosheka. Kisha akamwangalia usoni kwa mara ya kwanza, kumwangalia hasa, na nikamwona kama anapanda ngazi za nyumba yao tena, anakaa, anatazama. Akaliweka jagi chini polepole. Yeye mwenyewe alikuwa hajanywa, na hakunywa. Mama alinyanyua macho, akaona nyuso, akajifuta mdomo kwa upindo wa sari.

Jagi lile liliachwa palepale juu ya kokoto. Jagi zima, la chuma kizuri. Kwenye basi wakati wa kurudi mimi ndiye niliyekaa na mama, na viti vilivyotuzunguka vilikuwa vitupu.

Jumatatu hakuna aliyemfukuza mezani, msidhani. London watu wana adabu. Wote walikaa pale pale walipozoea. Ila yule bibi aliinuka, akaenda kwenye mashine ya chai, akarudi na kikombe cha karatasi, akakiweka mbele ya mama. Cha mama peke yake, cha kunywea na kutupa. Akamsalimia kwa Kiingereza. Mama akashukuru kwa Kiingereza, akanywa. Achari haikufunguliwa siku ile, wala siku zilizofuata.

Mama alinikataza kusema neno. Mimi si mtu wa kukatazika. Nilimfuata yule bibi vyooni, nikamkuta amepiga magoti, brashi mkononi, anasugua.

"Samahani bibi," nikamwambia. "Hicho unachokisugua ni nini?"

Alinielewa vizuri. Alivua glavu moja, akapangusa jasho.

"Mwanangu, mimi mama yako sina ubaya naye," alisema. "Lakini mimi hapa nafanya kazi. Nyinyi ndivyo mlivyo."

Alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba jiko ni la moto. Upole ule ndio ulionichoma. Kama angenitukana ningemtukana tukamaliza. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki, supavaiza akaja, na onyo nikalipata. Mama alipojua alinikasirikia mimi.

"Kikombe changu kimekuwashia nini wewe?" aliniuliza.

Haukupita muda yule bibi akaomba kuhamishwa, akaacha kazi kabisa, mumewe akafungua duka huko huko Kilburn. Hatukumwona tena. Mama aliendelea na shifti yake mpaka alipostaafu, bila ya shoga mwingine, na asubuhi akivaa viatu alivaa kimya. Mimi chuki ile niliilea. Niliilisha, ikanenepa.

Miaka ikaenda. Mama akawa kikongwe, mimi mwenyewe nywele zikaanza kubadilika. Siku moja ikapigwa simu nyumbani, mwanamume, Kiingereza cha aliyezaliwa hapa. Ni mtoto wa yule bibi. Ameikuta namba yetu katika vitu vya zamani vya mama yake. Mama yake amepotewa na kumbukumbu, alisema. Hawatambui wanawe, Kiingereza kimemtoka, Kigujarati anakichanganya, anasema Kiswahili tu, na watoto wanaambulia maneno mawili matatu. Na tatizo kubwa, hanywi. Mlezi anayeletwa nyumbani kila siku akimkaribia na gilasi anafunga mdomo. Daktari amesema asipokunywa, kesho watamlaza hospitali wamtundikie dripu, na kwa umri wake huenda asirudi. Je, mama yangu anaweza kuja, amsemeshe kwa lugha yake?

"Asinywe," nikasema, nimeziba simu kwa mkono. "Atajijua."

Mama alikuwa ameshachukua koti.

Nilikwenda naye, treni mpaka Kilburn, nimenuna njia nzima. Yule bibi alikuwa kitandani karibu na dirisha, mwili umekwisha, midomo imekauka na kupasuka. Baka lilikuwepo. Mwanawe, mtu mzima wa suti, alisimama mlangoni. Mama akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwamkia kwa Kiswahili, akamuuliza hali. Yule bibi akageuza shingo. Uso wake wote ukafunguka.

"Shoga," akasema. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Mama akacheka huku machozi yanamtoka. Kwa muda wakazungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu, karafuu zinazoanikwa, nani kaolewa. Kisha mama akachukua gilasi ya maji, akamsogezea mdomoni, na yule bibi, aliyewashinda watu wote, akafunua mdomo.

Mama akairudisha gilasi nyuma.

"Ngoja kwanza," alimwambia. "Nataka unijue. Mimi si binti wa fundi. Mimi ni mtoto wa yule aliyekuwa akisafisha choo chenu, kule nyumbani kwenu Mjini. Ulikuwa unakaa kwenye ngazi ukitutazama. Maji haya nimeyashika mimi. Utakunywa?"

Nilimjua mama, nilijua anataka nini. Alitaka mara moja tu katika maisha yake mtu mmoja apokee maji kwake na huku anamjua. Yale ya kwanza yangekuwa maji ya aliyesahau, na hayo hakuyataka.

Yule bibi alimtazama. Majina ya wanawe aliowazaa yalikuwa yamemtoka, mumewe alikuwa akimuulizia kila siku kana kwamba hajafa. Lakini hili nililiona likimrudia, taratibu, machoni. Akafunga mdomo. Akageukia ukutani.

"Twende zetu, mama," nikasema. "Umeona mwenyewe. Twende."

Mama hakuinuka. Alikaa pale na gilasi yake mkononi, kichwa chini, na nilidhani anaomba dua. Kisha akaiweka gilasi mezani, akamgeuza yule mgonjwa kwa upole, akamwinua mgongo kwa mito. Akaishika mikono yake miwili, akaiunganisha viganja, vidole akavibana kimoja kimoja pasiwe na mwanya, akaipeleka mpaka chini ya mdomo. Akasimama. Akanyanyua gilasi juu, mbali na mikono ile, akamimina.

Kwa sheria zao wenyewe maji yale yalikuwa yameshakuwa najisi, kwa kushikwa tu na mama. Lakini kichwa kile kilikuwa kimebakiwa na nusu ya sheria, kwamba yanayoanguka kutoka juu hayagusishi mtu na mtu. Hilo alilijifunza ngazini, akiwa mtoto, kwa kututazama sisi. Akainamisha uso, akanywa. Mengi yalimwagika, maana hakuzoea. Mama akaongeza, akanywa tena.

Mwanawe alisogea kutoka mlangoni, anafuta macho, amefurahi kweli.

"Sikuwahi kuona," alimwambia mama kwa Kiingereza. "Hivi ndivyo mlivyokuwa mkinywa kule Zanzibar?"

"Sisi, ndiyo," mama akamjibu. "Mama yako ameanza leo."

Kisha akamwomba taulo, kwa sababu yule bibi alikuwa amerowa mpaka kifuani, na dirisha lilikuwa wazi.